Chupa nne, kiwanda kimoja: ushauri kwa wanaoanza kazi ya kaunta

Mgeni wa kwanza atakayekutoa jasho kaunta si mlevi. Ni yule mstaarabu anayeangalia rafu yako, anaona chupa tatu za wiski zenye jina lilelile la Glenmorangie na bei tatu mbalimbali, kisha anauliza kwa upole: "Hizi zinatofautianaje?" Ukimjibu kwamba hii ni kali kidogo na ile ni laini, amekujua. Ukimsomea maneno ya nyuma ya boksi, amekujua zaidi, maana kusoma hata yeye anajua.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza, wa hotelini na wa maduka ya vinywaji, na yeyote aliyenunua chupa yake ya kwanza ya wiski ya Scotland akabaki akijiuliza pesa imekwenda wapi. Nimekaa nyuma ya kaunta muda wa kutosha kuona jinsi watu wanavyojifunza vibaya. Wanaonja kila kinachopita: leo yenye harufu ya moshi kutoka kisiwa cha Islay huko Scotland, kesho ya Japani, keshokutwa bourbon, yaani wiski ya Marekani, kutoka Kentucky, na katikati toti ya mchanganyiko ambayo bosi ameifungua. Baada ya miezi kadhaa wana majina mengi kichwani, na ukiwawekea glasi mbili zisizo na lebo hawakwambii lolote.

Shauri langu ni moja, na mengine yote hapa yanatokana nalo: chagua kiwanda kimoja, kaa nacho mwezi mzima, usitoke. Wiski inajengwa na mambo mengi kwa pamoja. Kuna shayiri na jinsi kimea chake kilivyokaushwa, kuna maji, chachu, umbo la mtambo wa kukenekea (unaochemsha pombe na kukusanya mvuke wake), aina ya pipa, miaka ndani ya pipa, na maji yaliyoongezwa kabla ya kutiwa chupani. Ukilinganisha chupa za viwanda viwili, vyote hivyo vimebadilika kwa mkupuo, kwa hiyo ladha uliyoikuta huwezi kujua imeletwa na kipi. Ndani ya kiwanda kimoja mengi yanatulia. Ni wali uleule unaoletewa michuzi tofauti. Safari hii unajua kabisa kwamba unaonja mchuzi.

Mimi huwaanzisha watu na Glenmorangie, ingawa si wiski ninayoipenda kuliko zote. Inapatikana kwenye maduka makubwa ya vinywaji na viwanja vya ndege. Haina moshi wa kufunika vitu vingine. Na chupa zake nne za kawaida zimepangwa kana kwamba mwalimu ndiye aliyezipanga: pombe ileile, pipa lilelile la mwanzo, halafu pipa la pili ndilo linalobadilika.

Kiwanda chenyewe kiko Tain, mji mdogo kaskazini mwa nyanda za juu za Scotland, kando ya ghuba ya Dornoch. William Matheson alikianzisha mwaka 1843 mahali palipokuwa pakitengenezwa bia, akaweka mitambo ya mtumba iliyokuwa ikitengeneza jini. Mitambo ya jini ilikuwa mirefu, na urefu huo haujaachwa hadi leo: shingo ya kila mtambo ina mita 5.14. Kiwanda chenyewe hujisifu kwamba ni urefu wa twiga dume aliyekomaa, na kimefanya twiga kuwa nembo yake. Tangu 2020 kinashirikiana na taasisi ya Giraffe Conservation Foundation. Kwa Mtanzania, ambaye twiga ni mnyama wake wa taifa, hilo ni la kumchangamsha mgeni kaunta. Ila wewe usiishie kwenye mzaha. Shingo ndefu ina kazi. Mvuke unapopanda ndani ya shaba, sehemu yake nzito, yenye mafuta na harufu kali, inapoa njiani, inarudi kuwa maji na kuanguka chini ikachemke tena. Kinachofika juu na kuvuka ni chepesi, chenye harufu ya matunda na maua. Ukishalielewa hilo, utalikuta ndani ya chupa zote nne, chini ya utamu wowote waliouongeza.

Maji yao yanatoka chemchemi za Tarlogie, na ni maji magumu yenye madini, tofauti na viwanda vingi vya Scotland vinavyotumia maji laini. Wengine watakueleza kwa kirefu kwamba siri iko hapo. Mimi sijawahi kuonja maji hayo ndani ya glasi ya wiski, na sidhani kama mgeni wako ataweza.

Kabla ya kufungua chupa, jua sheria kidogo, kwa sababu nusu ya maswali ya kaunta yanajibiwa na sheria. Wiski ya Scotland lazima ikae angalau miaka 3 ndani ya pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, huko huko Scotland, na iuzwe ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Maneno "single malt" kwenye lebo maana yake ni kwamba imetokana na kimea cha shayiri peke yake, ndani ya kiwanda kimoja. Hayasemi pipa moja. Chupa ya kawaida ni mchanganyiko wa mapipa mengi sana ya kiwanda hicho, na umri ulioandikwa ni wa lile changa kuliko yote yaliyotumika. Sheria hiyohiyo inaruhusu kuongeza rangi ya karameli. Kwa hiyo mtu akikwambia hii ni nzee kwa sababu ni nyeusi, tabasamu tu na uendelee kufuta glasi.

Sasa kazi. Fungua Original, ile yenye lebo ya rangi ya chungwa. Kwa miaka mingi iliandikwa umri wa miaka 10; tangu 2024 chupa mpya zinasema 12. Katika maduka yetu utazikuta zote mbili zikikaa rafu moja, kwa hiyo soma lebo kwanza na usichanganye wakati wa kulinganisha. Hii ndiyo pombe yao katika pipa lililokwisha kubeba bourbon, bila nyongeza ya pipa la pili. Kaa nayo wiki nzima kabla ya kufungua nyingine. Najua inachosha. Lakini hii ndiyo kipimo, na asiyekijua kipimo hana cha kulinganishia.

Utakachokuta ni ganda la chungwa, pichi, asali, vanila na nazi kwa mbali. Chungwa na pichi zimetoka mtamboni, kwenye ile shingo. Vanila na nazi zimetoka kwenye pipa, na hapa pana jambo la kumweleza mgeni likamfurahisha. Sheria ya Marekani inataka bourbon ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Likishatumika mara moja, mtengenezaji wa bourbon halihitaji tena, na Scotland inalinunua. Moto ulioliunguza umevunja sehemu ya mbao na kutoa vanilini, kemikali ileile inayolipa ganda la vanila harufu yake. Nazi nayo inatokana na laktoni, ambazo mwaloni wa Marekani unazo kwa wingi. Glenmorangie wanasema pipa wanalitumia mara mbili tu, baada ya hapo linaondoka. Pipa linalotumika mara nyingi huishiwa cha kutoa.

Chupa ya pili ni Lasanta. Ile inayojulikana zaidi ina miaka 12 na asilimia 43: miaka 10 katika pipa la bourbon, kisha 2 katika mapipa yaliyokuwa na mvinyo wa sheri kutoka Hispania, aina ya Oloroso na Pedro Ximénez. Ya tatu, Nectar d'Or, asilimia 46, ilimalizia katika mapipa ya Sauternes, mvinyo mweupe mtamu wa Ufaransa; chupa mpya zinaitwa The Nectar. Ya nne ni Quinta Ruban, nayo asilimia 46, iliyomalizia katika mapipa ya Porto, mvinyo mwekundu mtamu wa Ureno. Tangu 2019 inaandikwa miaka 14, yaani 10 ya bourbon na 4 ya Porto. Umri na majina ya chupa hizi hubadilishwa kila baada ya miaka michache, basi usikariri. Soma kilichoandikwa kwenye chupa iliyo mkononi mwako.

Huhitaji kununua chupa nzima nne. Wanauza boksi dogo lenye chupa nne za mililita 100 kila moja, na huonekana mara nyingi kwenye maduka ya viwanja vya ndege. Mpe shangazi au kaka anayesafiri kazi hiyo. Mililita 100 zinatosha kuonja mara tano au sita ukipima vizuri, na unapata faida ambayo wengi hawaifikirii: zote zinafunguliwa siku moja. Chupa iliyobaki robo kwa miezi mitano imeingiliwa na hewa na imepoteza sehemu ya harufu yake. Ukiilinganisha na chupa iliyofunguliwa jana, unalinganisha hewa.

Kuhusu glasi, ile ya Glencairn iliyobuniwa kwa ajili ya wiski ni nzuri, tumbo pana na mdomo mwembamba, na imekuwapo tangu 2001. Kama huna, chukua glasi ndogo ya mvinyo. Glasi pana ya kuwekea barafu iache kwa ajili ya wateja. Harufu inatoroka kabla pua haijafika. Glasi zote ziwe za aina moja na zioshwe kwa maji ya moto bila sabuni yenye marashi, kisha zikauke zenyewe. Kitambaa cha kaunta ndicho adui mkubwa. Kinusishe siku moja, utanielewa.

Halafu wewe mwenyewe. Siku ya kuonja usijifukize udi, usipake marashi, usile pilipili mchana, usipige mswaki dakika tano kabla. Watu wa Pwani hapa tunapata shida, maana udi ni sehemu ya mavazi yetu. Lakini nguo iliyofukizwa inaingia kwenye kila glasi, na mwenzako anayeonja pembeni yako ataapa kwamba Lasanta ina harufu ya msikitini.

Joto nalo. Maelekezo mengi ya kuonja yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaosema wiski inywewe kwa joto la chumba. Chumba chao kina nyuzi 18 au 20. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Januari kina zaidi ya 30, na katika joto hilo kilevi kinaruka na kukupiga puani kabla hujanusa kitu. Usiweke barafu, bali weka chupa mahali penye kiyoyozi saa kadhaa kabla, au uitie kwenye jokofu dakika kumi tu. Wenzetu wa Arusha, Nairobi na Mbeya hawana haja ya hayo.

Mimina mililita 15 au 20, si zaidi. Usiisukesuke glasi kama wafanyavyo watu wa mvinyo, maana utainua kilevi tu. Isogeze taratibu kutoka kidevuni kupanda juu, mdomo ukiwa wazi kidogo, na ikianza kuchoma, simama hapo hapo. Hiyo ndiyo nafasi yako. Nusa, ondoa, vuta hewa ya kawaida, rudi. Kunywa kidogo sana mara ya kwanza, kwa sababu tone la kwanza la siku huunguza ulimi na halikuambii chochote la maana. La pili ndilo la kulisikiliza. Likishashuka, subiri. Ladha inayobaki baada ya nusu dakika inatofautisha chupa hizi nne kuliko ladha ya mwanzo.

Sasa nije kwenye mtego ambao karibu kila mtu ananaswa nao. Original ya kawaida kwetu ina asilimia 40, Lasanta 43, Nectar d'Or na Quinta Ruban 46. Mtu anaonja kwa zamu, anafika Quinta Ruban, anasema, "Hii ina mwili, ina uzito, ndiyo bora." Pengine anachokisifia si pipa la Porto hata kidogo. Anasifia maji ambayo hayakuongezwa. Kilevi hubeba harufu na kujaza kinywa, kwa hiyo yenye asilimia 46 itaonekana imeshiba mbele ya yenye 40 hata kama zingetoka pipa moja.

Dawa yake ni hesabu ya darasa la tano. Chukua mililita 20 za wiski ya asilimia 46, zidisha kwa 46, gawanya kwa 40, unapata 23. Maana yake ongeza mililita 3 za maji, nayo imeshuka hadi 40. Kwa Lasanta ya 43, ongeza mililita moja na nusu. Kifaa cha kupimia kinauzwa duka la dawa: bomba la sindano, bila sindano yenyewe. Tumia maji ya chupa yasiyo na ladha. Maji ya kisima ya sehemu nyingi za Dar yana chumvi na yataharibu kila kitu.

Onja mara mbili basi: siku moja kama zilivyotoka chupani, kwa sababu ndivyo mteja atakavyozinywa, na siku nyingine zikiwa zimesawazishwa. Siku ya kusawazisha ndiyo utakayojua pipa limefanya nini. Utaona kwamba baadhi ya tofauti ulizokuwa na uhakika nazo zimeyeyuka, na chache zimebaki zimesimama imara. Hizo chache ziandike kwa herufi kubwa.

Ukiongeza maji kwenye Quinta Ruban au Nectar d'Or, au mteja akitia barafu, kinywaji kinaweza kufanya ukungu kidogo. Mteja mmoja kati ya wengi atakuita na kusema umemuuzia wiski feki. Mjibu bila kutetemeka. Wiski ikipoozwa au ikizimuliwa, baadhi ya mafuta yaliyomo hujitenga na kuonekana kama ukungu. Viwanda vingi huyaondoa mapema kwa kuichuja ikiwa ya baridi, ili ionekane safi kwenye glasi. Chupa hizi mbili hazikuchujwa hivyo, na kwenye asilimia 46 mafuta hayo yanabaki yamefichika mpaka maji au baridi iyaguse. Hakuna kilichoharibika.

Kuna mtego mwingine, wa mfuatano. Ukinywa Quinta Ruban kisha ukarudi kwenye Original, Original itaonekana nyembamba, chungu kidogo, kama chai iliyosahauliwa sukari. Haikubadilika; ulimi wako ndio umezoea utamu. Ndiyo maana siwapangii watu glasi nne kwa mstari wakapita kama treni. Napanga mbili mbili, na Original ipo kila mara. Original na Lasanta siku moja, Original na Nectar d'Or siku nyingine, Original na Quinta Ruban siku ya tatu. Anza na Original, nenda kwa mwenzake, kunywa maji, kula kipande cha mkate mkavu, rudi kwenye Original, kisha mwenzake tena. Swali lako ni moja tu: pipa la pili limeongeza nini, na limefunika nini? La kufunika wengi hawaliulizi. Katika Lasanta utasikia tende, zabibu kavu, mdalasini, njugu zilizokaangwa. Lakini tafuta ile pichi ya Original, uone imekwenda wapi. Katika Quinta Ruban utasikia chokoleti nyeusi, mnanaa, matunda meusi, na pembeni mwa ulimi ukakasi unaofanana na wa bibo la korosho, unaotokana na mbao na ule mvinyo mwekundu uliozama ndani yake. Chungwa la Original bado lipo humo, limekuwa kama marmaledi. Nectar d'Or ndiyo iliyo karibu zaidi na Original kwa tabia, ila asali imeongezeka, na ndimu, na kitu cha tangawizi mwishoni. Ni rahisi kuipenda na ni vigumu kuieleza. Kwa maoni yangu ndiyo iliyotengenezwa kwa ustadi zaidi kati ya hizo nne, na ndiyo inayouzika polepole kuliko zote kaunta, pengine kwa sababu hakuna mhudumu anayejua aseme nini juu yake.

Maneno hayo ya matunda na viungo usiyachukue kwangu, wala kwenye boksi. Andika yako kabla hujasoma ya mtu. Wakiandika hao wa boksi, utakuta keki za Krismasi na matunda ya msituni ambayo wewe hujawahi kuyaonja, na neno lisilokukumbusha kitu halikusaidii kukumbuka wiski. Nenda sokoni Kariakoo asubuhi, simama kwenye meza za viungo, nusa karafuu, iliki, mdalasini, kungumanga, kila kimoja peke yake. Nunua ganda moja la vanila. Kagera wanailima, na Uganda pia. Weka vyote kwenye vichupa vidogo nyumbani. Ukikwama kwenye glasi, fungua vichupa kimoja kimoja mpaka pua iseme ndiyo. Embe dodo, pera, ubuyu, halua, kashata, mbao mbichi ya seremala, ngozi ya viatu vipya, vyote ni halali kwenye daftari lako. Mgeni wa Kitanzania ukimwambia Lasanta inanukia tende na halua, ataelewa papo hapo. Ukimwambia keki ya Krismasi, ataitikia kwa adabu tu.

Ukishajiamini, ujaribiwe. Mwenzako amimine glasi tatu bila wewe kuona, mbili za chupa moja na ya tatu ya chupa nyingine, na kazi yako ni kusema ipi ndiyo tofauti. Rangi itakudanganya, kwa kuwa Quinta Ruban ina wekundu unaojitangaza, kwa hiyo tumieni vikombe vyeusi vya kahawa au mzungushie glasi foili ya jikoni. Kwa kubahatisha tu utapata moja kati ya tatu, basi kupatia mara moja si ushahidi. Ukipatia mara tatu mfululizo, bahati ya namna hiyo ni moja kati ya 27, na hapo tutaanza kukuamini. Jaribu Original na Nectar d'Or zikiwa zimesawazishwa. Likifika jaribio hilo, wakongwe wanaoongea sana huwa wanakumbuka kwamba wana simu ya kupiga.

Haya yote ni pombe, tusisahau. Glasi nne za mililita 15 ni mililita 60, sawa na toti mbili za mililita 30, na bado uko kazini au unarudi nyumbani kwa bodaboda. Kuwa na kikombe cha kutemea. Wanaofanya kazi hii kila siku wanatema, na hakuna anayewacheka. Wapo pia wahudumu wasiokunywa kabisa kwa dini yao au kwa afya. Kama mtu haoni vibaya kuinusa tu, pua peke yake itamfikisha mbali. Na kama hata hilo hataki, lisijadiliwe, apangiwe kazi nyingine siku hiyo.

Baada ya mwezi, zipo chupa mbili za kuendeleza somo ndani ya kiwanda hichohicho, kama bajeti ya hoteli inaruhusu. Ya miaka 18 imekaa miaka 15 katika mapipa ya bourbon, kisha sehemu yake, takriban asilimia 30, ikahamishiwa kwenye mapipa ya Oloroso kwa miaka 3, halafu zikachanganywa tena. Ilinganishe na Original na Lasanta kwa pamoja, uone umri umefanya nini na sheri imefanya nini. Huko Scotland pipa hupoteza takriban asilimia 2 ya kilichomo kila mwaka kwa kuvukia, kwa hiyo bei ya uzee inatokana kwanza na upungufu. Mteja akitaka kuimiminia soda, ni pesa yake, lakini unaweza kumwambia kwa heshima kwamba Original itamfaa vilevile kwa bei ndogo zaidi. Atakukumbuka kwa hilo. Ya pili ni Signet, ambayo sehemu ya kimea chake kimekaangwa mpaka kikawa cheusi, na hapo kwa mara ya kwanza ndani ya kiwanda hiki utaonja pombe yenyewe ikiwa imebadilika, kahawa na kakao zikitoka kwenye nafaka badala ya pipa. Ndiyo maana isiwe ya kwanza kufunguliwa.

Kuhusu yule mgeni mstaarabu, jibu lake sasa ni fupi. "Mzee, zote ni pombe ileile iliyolelewa kwanza kwenye pipa la bourbon. Hii imebaki hapo, ndiyo yenye chungwa na vanila. Hii imemalizia kwenye sheri, ina tende na mdalasini. Hii imemalizia kwenye Porto, nzito zaidi, chokoleti. Kwa kawaida unapenda kitu kitamu au kikavu?" Kisha nyamaza, msikilize. Akitaka barafu, mpe barafu bila kukunja uso, na umwekee glasi ndogo ya maji pembeni.

Ukitaka kuhama kiwanda, hamia Springbank, kiwanda cha mji wa Campbeltown huko Scotland, kilichopo tangu 1828, kwa sababu kinafundisha upande wa pili. Kinatengeneza wiski tatu zenye majina matatu ndani ya jengo moja. Hazelburn haina moshi na hukenekwa mara tatu. Springbank yenyewe ina moshi kiasi, na wanaihesabu kuwa imekenekwa mara mbili na nusu, kwa kuwa sehemu yake hupita mara mbili na sehemu mara tatu. Longrow ina moshi mwingi na hukenekwa mara mbili. Huko unaliacha pipa na kuufuatilia mtambo na moshi. Kwetu ni adimu na bei yake inauma, kwa hiyo changeni watu sita au wanane mnunue pamoja. Hazelburn ya miaka 10, Springbank ya miaka 10 na Longrow isiyoandikwa umri zote zina asilimia 46, kwa hiyo bomba la sindano halitahitajika. Anzeni na Hazelburn na Longrow iwe ya mwisho, maana moshi ukitangulia, hizo mbili nyingine hamtazisikia tena jioni hiyo.